Mwisho Ambao Tekla Hakuwahi Kuuona

Miaka sita Tekla wa Nyololo aliangalia muvi moja ya majambazi, na miaka sita hakuuona mwisho wake. Si kosa lake. Kila mwezi yeye na mumewe, Vitus, walikwenda Mbeya kuchukua mitumba, wakarudi na basi lilelile la Iringa, na kondakta, mtu asiyejua kuchoka, akaweka muvi ileile. Wakifika Uyole, jambazi anavunja benki. Chimala anakamatwa. Makambako anatoka jela, kichwa kizima mvi. Basi likikaribia Nyololo, amesimama mlangoni kwa mke aliyemtelekeza, ameinua mkono abishe hodi. Hapo kondakta anaita Nyololo, nao wanashuka na marobota yao.

Basi ugomvi ulianzia kituoni mpaka nyumbani. Vitus alisema yule mama atafungua. Tekla alisema afungue, ana wazimu? Mtu kakuachia watoto, leo kachoka ndiyo anakumbuka kwake! Majirani wakiwasikia walijua mitumba imefika.

Lakini kuna jambo majirani hawakuligusa mbele yao. Vitus mwenyewe aliwahi kwenda Chunya kutafuta dhahabu, akakaa miaka mitatu bila hata salamu, akarudi mikono mitupu siku ya mvua. Tekla alifungua. Alimpa ugali wa moto na shuka kavu, ila juu ya jambo lile hakutamka neno, siku ile wala baadaye. Mgumu mama huyu, nakwambia.

Mwaka huu Vitus aliugua tumbo, akapanda basi peke yake kwenda hospitali ya Tosamaganga. Huko wakamwambia atapasuliwa. Akampigia simu mkewe aje, ila apande basi lao, na safari hii amletee mwisho wa muvi. Tekla alikasirika. Mtu anakwenda kupasuliwa anawaza majambazi!

Alipanda Nyololo, jambazi ndiyo kwanza anainua mkono. Akabisha. Ndani mwanamke akaja polepole, akashika komeo. Hata dijei anayetafsiri, ambaye hafungi mdomo, akanyamaza. Kisha skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda.

Tekla alimwambia kondakta mashine yake imeharibika. Kondakta akasema, mama, mwisho wenyewe ndio huo. Alinuna mpaka Mafinga. Baada ya Mafinga hasira zilimwisha, akabaki na ule mkono kwenye komeo. Aliujua. Siku ile ya mvua na yeye alilishika komeo la mlango wake hivyohivyo, muda mrefu, na Vitus alikuwa nje analowa.

Alimkuta kitandani, mashavu yamebonyea. Hata pole hakumaliza kumpa.

"Enhe, Mama Pendo. Alifungua?"

Tekla alimtazama huyu mwanaume wake, akaona jinsi anavyompenda, na jinsi asivyowahi kumwambia.

"Alifungua," akasema. "Alichelewa kwa hasira tu. Kusamehe alishasamehe kabla hajabishiwa hodi."

Vitus aligeukia ukutani. Alipogeuka tena alikuwa anajifuta macho kwa shuka.

"Mimi nilikuja na basi hilohilo," akasema. "Ule mwisho nimeuona."

"Sasa uliniuliza ya nini, Baba Pendo?"

"Nilitaka nisikie kwako, kabla hawajanipasua."

Tekla akamvutia blanketi mpaka kidevuni, maana baridi ya huko haina mchezo.

"Basi umesikia," akamwambia. "Pona, turudi nyumbani."