Kidole Changu Kwenye Upanga Mfupi

Juzi jino lilinisumbua, nikafungua kichupa cha mafuta ya karafuu. Mjukuu wangu akaziba pua, akasema kwa Kiingereza chake eti kunanuka daktari wa meno. Mimi nilinusa chuma.

Ngoja nikueleze. Kazi yangu kunoa visu vya mabucha na mikasi ya mafundi cherehani, hapa Tottenham. Skuli niliiacha mapema, sioni haya kusema, na duka ni langu mwenyewe. Ila hadithi hii ni ya Kilburn, mtaa mwingine wa jiji hili hili, nina miaka minane, ndiyo kwanza tumefika kutoka Pemba. Mama alikuwa akisafisha nyumba ya Mzee Kenji, Mjapani mkimya aliyetunza panga za kwao. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, hatukuwa na nyingine.

Siku ya kwanza mama kunichukua, mlango ulipofunguliwa tu nikasikia harufu ya karafuu. Karafuu, katika baridi ile! Nikaifuata mpaka mezani. Hapo ulikuwa umelazwa upanga mfupi, nje ya ala, unang'aa kama maji ya mtungini. Mama yuko jikoni. Nikakandamiza kidole ubavuni mwake, nikakilamba. Karafuu kweli.

Jumamosi ya pili yake Mzee Kenji alituita. Juu ya chuma palikuwa na alama ndogo ya kutu, na mistari yote ya kidole imo.

"Ni mimi, bwana," mama akasema haraka. "Nilikuwa nafuta vumbi."

Sikuwahi kumsikia mama akisema uongo. Mzee akautazama mkono wake, mpana, mkono wa mchuma karafuu, kisha akanitazama mimi. Nikaangua kilio.

"Mama hakugusa! Nilitaka kujua kama ni karafuu za kwetu."

Mzee akacheka mpaka akatafuta kiti. "Mafuta hayo ndiyo yanayozuia kutu. Wewe umeyalamba!"

Akanikalisha, akanionyesha: unafuta kwa karatasi laini, unagongagonga unga wa jiwe, unafuta tena, halafu mafuta, tone tu. Akatueleza kwamba samurai, askari wa kwao wa zamani, alivaa panga mbili kiunoni. Akiingia nyumba ya watu, ule mrefu anauacha mlangoni kwa heshima. Huu mfupi anabaki nao, na akilala unalala karibu yake. Hata mfanyabiashara, aliyekatazwa ule mrefu, huu aliruhusiwa. Hapo nilimpenda mfanyabiashara yule.

"Na wanawake je?" mama akauliza.

"Wao walikuwa na kisu kidogo, ndani ya nguo."

"Afadhali," mama akasema, akairudia ndoo yake.

Kazi haikupotea. Lakini ile alama Mzee hakuiondoa. Miaka yote tuliyokwenda pale niliikuta, nikiamini ameiacha makusudi ili nione aibu.

Nilielewa siku niliposhika jiwe la kunolea mwenyewe. Kutu ikishaingia, kuitoa ni kukila chuma, na chuma kilicholiwa hakirudi. Upanga ule ulikuwa umeshapita kwa wanoaji wengi, na kila mmoja ameupunguza kidogo. Mzee Kenji hakutaka kuupunguza tena kwa sababu ya kosa la mtoto. Aliupaka karafuu, akaurudisha alani na kidole changu juu yake.

Siku hizi mtu akiniletea kisu cha marehemu baba yake, chenye doa, ananiambia, "Bibi, king'arishe chote." Namwambia aketi kwanza. Kisha nachukua kile kichupa cha karafuu.