Ladha ya Kwanza ya Mtoto wa Tehmina

Tehmina, fundi cherehani wa Multan, alikuwa na jambo moja moyoni: safari hii yeye ndiye awe wa kwanza kumpakata mwanawe. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Mahnoor, kwa kisu, alilazwa usingizi mzito. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameshapita mikononi mwa ukoo mzima, ameadhiniwa sikioni, na amelambishwa asali na wifi yake Kausar. Na kwa kuwa kila mtu pale anajua kwamba mtoto hurithi tabia ya aliyemlambisha, leo Mahnoor akifungua kinywa mtaa mzima unasikia. Donge lile halikumtoka Tehmina.

Upasuaji wa pili ulipopangiwa siku, alimkabili Daktari Farzana mapema.

"Nichome sindano ya mgongo, nibaki macho. Akitoka, shusheni pazia nimwone, kisha mlazeni kifuani kwangu. Kumpima baadaye. Na mume wangu awepo, amwadhinie."

"Mkiwa salama wote wawili, sina neno," daktari akasema. "Ila asali, hapana. Kabla ya kutimiza mwaka inaweza kumdhuru."

Kazi ilikuwa nyumbani. Mama mkwe wake, Bi Zubaida, alikuwa ameshamwalika shemeji yake hakimu aje kulambisha, na chupa ya asali iko kabatini.

"Mama, daktari kaikataa asali."

"Waqas wangu alilambishwa. Kwani kafa?"

"Hakufa, Mama. Alilambishwa na nani vile?"

"Na babu yake. Mtu mpole, hana makuu."

"Ndiyo maana mpaka leo hasemi."

Waqas, mume wa Tehmina, akaendelea kula dengu zake.

"Basi huyu namtaka awe na msimamo," Bi Zubaida akasema. "Hakimu ndiye anayefaa."

"Hakimu anayechaguliwa soksi na mkewe? Mama, sema kweli. Humu ndani nani mbishi kuliko wote?"

"Wewe. Hilo halina mjadala."

"Basi ladha ya kwanza iwe maziwa yangu."

Bi Zubaida akalitazama kabati lenye asali. Alikuwa amenaswa kwa mila yake mwenyewe.

Siku ilipofika, pazia likashushwa. Tehmina akamwona mwanawe akiinuliwa, kakunja uso kama mtu aliyekatizwa usingizi. Wakamlaza kifuani pake, bado mbichi. Waqas, ndani ya joho la hospitali, akainama akaadhini kwa sauti ambayo mkewe hakujua kama anayo. Kisha mtoto akalitafuta titi, akalipata. Tehmina alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Nje hakimu alikuwa akingoja, kidole kimeshaoshwa.

"Kaa unywe chai, shemeji," Bi Zubaida akamwambia, akiirudisha mkobani ile chupa ya asali aliyokuja nayo. "Kashalambishwa na mama yake, na yule mimi sijapata kumshinda hata siku moja."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, ukumbi mzima usikie, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejisifia mali yake.