Supachaja ya Jakaranda

Baba yangu alichonga twiga kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna hata mmoja aliyebaki nyumbani. Waliondoka ndani ya magunia, shingo zimefungwa magazeti, wakaenda kusimama juu ya meza za watu ambao hatutawajua kamwe. Sisi watoto tulikua tukipiga chafya kwa vumbi la mbao, na uji tulikunywa kwa vijiko vya bati vya dukani. Nilipomuuliza kwa nini hatuchongei hata kijiko, alinijibu kwamba bati haliozi. Kitu pekee alichowahi kunichongea mimi ni supachaja, na hiyo nayo ilikuwa na kasoro iliyonichukua miaka minne kuigundua.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia mjini Machakos, nikikaa Mumbuni, miaka ile ya mwisho ya tisini. Nilikuwa na gari dogo jeupe la Kijapani lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili kabla yangu. Kila siku lilinipeleka shuleni. Kila Alhamisi ya pili, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, nilienda nalo upande wa Masii kumchukua baba na kumleta kliniki ya macho. Presha ya macho ilikuwa ikimla taratibu. Daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakitarudi, na kwamba dawa ya matone ni ya kulinda kile kilichobaki, mradi asikose kliniki. Gari lile likilala, baba naye angelala nyumbani na macho yake yakizidi kwisha. Nililijua hilo vizuri sana, lakini moyoni nilikuwa naota mambo mengine.

Nilikuwa naota nguvu. Kuna mwinuko kabla ya kuingia mjini ambao gari langu liliupanda likihema. Gia ya tatu ilikuwa inakataa, narudi ya pili, na hapo ndipo dunia nzima iliponipita. Asubuhi moja nilipitwa na lori la mbuzi la wafanyabiashara wa Kisomali, limejaa hadi juu, na mbuzi wa nyuma wakanitazama kwa huruma mpaka kona ikawaficha. Niliona aibu, nikapiga usukani kofi. Baba alikuwa ameshusha kioo, mkono uko nje, akitazama vilima vikitoka ndani ya ukungu kimoja kimoja.

"Hiyo lori inakimbilia kichinjio," alisema. "Wewe unakimbilia wapi, mwaitu?"

Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe nimekuwa mama wa baba yangu, naye amenitania kwa haki zote za mwana.

Fundi wangu alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya stendi, na ndani ya kibanda hicho alikuwa na gazeti la magari la Kijapani ambalo hakuna aliyeweza kulisoma, ila picha tulizielewa. Nilipomlilia kuhusu ule mwinuko alilifungua kwa heshima, kama mtu anayefungua Biblia.

"Mwalimu, kuna njia mbili," aliniambia. "Hii ni supachaja. Ni pampu ya hewa, inazungushwa na mkanda ya injini yenyewe. Inasukuma hewa mingi ndani, petroli inachomeka vizuri. Hiyo iko kazini kila siku, ukienda shule, ukienda soko. Hii ingine ni naitrasi. Ni chupa ya gesi, unaweka kwa buti. Ukifinya swichi, gari inaruka! Lakini ni ya dakika kidogo, halafu unaenda kujaza Nairobi."

Wiki zile sikuwa mtu wa hapa. Nilisimamia mitihani madirisha yakiwa wazi, maua ya jakaranda yakidondoka nje bila sauti, na badala ya kalamu za wanafunzi nilisikia mlio mwembamba wa mkanda ukizunguka. Niliuona ule mwinuko ukilala chini wenyewe, ukinyooka kama kitambaa kinachopigwa pasi. Nilijiona nikipanda bila uzito wowote, baba kando yangu, na lori la mbuzi likibaki nyuma, dogo, halafu halipo. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono kuomba karatasi, akaushusha, akauinua tena. Nilimwona baadaye sana.

Nyuma ya daftari la maabara nilipiga hesabu. Mwinuko ulinichukua dakika sita. Chupa ya naitrasi ingetoa nguvu kubwa, tamu, lakini ingeisha kabla ya kona ya tatu. Hata hivyo niliitamani. Chupa ina siri fulani. Unaweza kuendesha siku nzima ukijua tu kwamba iko pale nyuma.

Nilimpelekea baba shauri hilo barazani kwake, alipokuwa ameketi na vipande vyake vya mbao. Nilimweleza yote, na kwa kuwa mwalimu hajui kuacha kitu, nikaongeza kwamba gesi ile ya chupa ndiyo hospitali huwapa wagonjwa ili wasisikie maumivu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Gari ya kunipeleka hospitali inywe dawa ya usingizi?" alisema. Kisha akatulia. "Hiyo ya chupa ni kaluvu, mwaitu. Mtu akikunywa pombe anaruka ngoma mzuri sana, kesho hawezi kushika jembe. Hiyo ya mkanda ni uji. Kama ni lazima, chukua uji."

"Basi nitachukua supachaja, tata," nilimwambia; tata kwetu ni baba.

"Lakini usinunue kitu kama hujaona mahali itakaa. Nipe vipimo. Nitachonga mfano, uweke, uone."

Namba hakuweza tena kuzisoma. Macho yake yalikuwa yamebana, anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kwa hiyo nilikata nyuzi za katani, kila uzi kwa urefu wa kipimo kimoja kilichoandikwa kwa namba kando ya picha ya gazeti, nikamfungia mafundo: fundo moja urefu, mafundo mawili upana, matatu kimo, manne nafasi kati ya matundu ya boliti. Alizipitisha vidoleni, akazitundika msumarini. Kwa Alhamisi mbili nilizomfuata, nilimkuta na gogo la jakaranda kati ya magoti, tezo yake ikipanda na kushuka. Sisi tezo hiyo tunaiita ngomo. Sikumwona akiangalia mti. Alitazama mbali, mkono ukifanya kazi peke yake.

Alipoimaliza nilitamani kulia. Ilikuwa na mbavu zake zote. Ilikuwa na matundu manne ya boliti, na gurudumu la mkanda lililozunguka kweli ukilisukuma kwa kidole gumba. Aliisugua kwa msasa hadi ikawa laini kama shavu, na ikanukia utoto wangu. Ilisafiri mapajani mwa baba hadi kliniki, na kutoka kliniki hadi kwa fundi.

Fundi alitoa kichujio cha hewa, akaiweka ile ya mbao mahali pake. Matundu manne yalikaa juu ya boliti nne bila kusukumwa. Mkanda ulilingana. Kisha fundi alishusha boneti, na boneti ikagoma. Akaibonyeza. Ikagoma tena. Baba alisogea, akapapasa, akaingiza kidole chake kwenye ule mwanya.

"Kidole moja," alisema.

Fundi alishauri tukate boneti tundu. Nilifikiria mvua ya Novemba ikinyeshea injini ninayoitegemea kila siku, nikakataa. Akataja tena chupa, baba akasema "kaluvu," tukacheka, na neno likafia hapo. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kalipa ya maabara, kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo ya milimita. Sikuitoa. Kwetu mtoto hapimi kazi ya baba yake mbele yake, na kuipima akiwa hayupo ni vibaya zaidi. Nilijiambia kwamba macho yake hayamsaidii tena, amekosea, na nisimwaibishe. Nilimhurumia, na nikajiona mtoto mwema.

"Basi, mwaitu," alisema tukirudi. "Tutaenda polepole."

Kwa hiyo tulienda polepole, miaka minne, gia ya pili. Supachaja ilikaa juu ya kabati la vyombo Mumbuni, na wageni waliiuliza ni mnyama gani. Baba alishusha kioo na kunionyesha vitu: jiwe walilokuwa wakipumzikia akina mama wenye kuni, boma alilokwenda kucheza ngoma akiwa kijana akarudi bila kofia, shamba la mtu aliyewahi kupanda kahawa akang'oa, akapanda tena. Kila mwaka alionyesha vichache zaidi. Mwanzo viliondoka vya mbali, halafu vya kando ya barabara. Alhamisi moja hakushusha kioo.

Ilikuwa baada ya hapo fundi aliponipigia simu shuleni. Alikuwa amepata supachaja yenyewe, ya chuma, kutoka kwa gari lililogongwa, ile ile ya gazetini. Nilikwenda na ile ya mbao na kalipa. Baba hakuwepo, na Mungu anisamehe, nilipima.

Urefu ulikuwa sawa, na upana pia. Matundu yote manne yalilingana, kila moja na umbali wake, hata nusu milimita haikupotea. Nikapima kimo. Ya mbao ilizidi kwa milimita kumi na nane, na ilizidi juu tu, pale pale boneti inapokaa. Nilipima mara tatu. Mtu asiyeona hakosei mahali pamoja tu, tena mahali penye maana. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Miaka minne nilikuwa nimemhurumia mzee aliyenichezea.

Nilimwomba fundi aniazime ile ya chuma, na Jumamosi hiyo mchana nikaenda moja kwa moja hadi barazani kwa baba. Nilimwekea mapajani zote mbili, bila salamu ya maana. Alizipapasa. Alianzia kwenye gurudumu, akapita mbavu, akafika juu, na hapo vidole vikasimama.

"Umenishika," alisema.

"Kwa nini, tata?"

Alilizungusha gurudumu la mbao kwa kidole. "Kila Alhamisi nilikuwa nahesabu vilima kama viko vyote," alisema. "Hiyo mlima ilikuwa dakika sita. Ungeweka hiyo mashine ingekuwa mbili. Mimi ningeona saa ngapi?"

Hasira yote ilinitoka, nikabaki nimeshika nguzo ya baraza. Yeye alinyoosha mkono nyuma, akaitoa ngomo pale inapokaa siku zote, akaweka ile ya mbao kati ya magoti. Alipima kwa kidole chake, akaanza kuparua. Vipande vyembamba vilidondoka juu ya viatu vyake. Hakuna mahali mkono ulipotetereka. Alipomaliza alipuliza vumbi, akanipa.

"Enda uweke."

Nilifungua boksi la kichujio kwa spana, nikaitia, nikashusha boneti. Ililia "tak," ikafunga.

"Imeingia," baba alisema kutoka barazani.

"Imeingia, tata."

"Sasa nunua ile ya chuma. Kimbia tu, mwaitu. Mimi sioni tena."

Nililia pale pale, paji la uso juu ya boneti yenye joto, na sikuficha sauti, maana alikuwa na haki ya kusikia. Jumatatu niliirudisha ile ya chuma kwa fundi. Aliniuliza kama naitaka chupa badala yake, nikamwambia hapana, asante.

Alhamisi ya kliniki tulifika kwenye mwinuko, nikarudi gia ya pili kabla gari halijaniomba. Nilinyoosha mkono mbele ya kifua chake, nikamshushia kioo. Kisha nikaanza kumwambia: ukungu uko kushoto, tata, kilima cha kwanza kimetoka, cha pili bado. Akauliza kama lile jiwe la akina mama lipo. Tulikuwa tumeshalipita, lakini nilisimamisha gari, nikarudi nyuma hadi tukalikuta.