Masufuria ya Mtaa Wetu

Hasira yangu ni ya masufuria, na anayetaka kucheka acheke.

Mtaa wetu wa Temeke ulikuwa na masufuria makubwa, yale ya kupikia pilau la harusi na wali wa msiba. Waliyanunua kwa mchango watu ambao leo hayupo hata mmoja: kuli wa bandarini aliyekuwa akikoroma mpaka nyumba ya jirani, mama wa vitumbua na ulimi wake mkali, mwalimu kutoka bara aliyefuturu nasi Ramadhani yote na Jumapili akaenda kanisani. Yalikaa uani kwa bibi yangu. Ukifiwa, unaingia na kuchukua, huombi. Sharti lilikuwa moja tu: sufuria lisirudi tupu. Unatia japo kiganja cha mchele, bibi anawapikia watoto wa mtaa.

Bibi alipofariki, mjomba aliuza nyumba. Sawa, ilikuwa ya mama yake. Lakini masufuria? Nilimkuta anayapakia kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, moja bado lina masizi ya arobaini ya bibi mwenyewe!

"Mjomba, haya si yetu."

"Ya nani basi? Wenyewe washakufa. Unataka niwapelekee makaburini?"

Nilimfokea, mjomba wangu wa tumbo moja na mama, na sijutii. Mkokoteni ukaondoka hivyo hivyo.

Mwaka huu mkewe amefariki. Watu walijaa, mchele ukachambuliwa, kuni zikawashwa. Mjomba akatoka na kanzu yake, macho mekundu, akauliza mbele ya watu kwa mazoea ya miaka yote: "Masufuria yako wapi?"

Wanawake waliinamia nyungo zao. Nilimwonea huruma, halafu huruma ikaniudhi. Nilitaka kumwambia akaulize kwenye mizani ya vyuma chakavu, ila mjane wa yule mwalimu alinitangulia. Alikuja taratibu na sufuria lake la nyumbani, la kusongea ugali wake, akalitua miguuni pa mjomba.

"Pole, mwanangu," alisema. "Hili ni langu, na mie bado mzima. Likirudi, lisirudi tupu."