Mgombea wa Ndani

Tangu Novemba hakuna mtu aliyekaa meza moja na Ardis Kvamme. Si kwamba aligombana na mtu. Pale chuoni Elvestad, Minnesota, hakuwa na adui hata mmoja, na ungewauliza wapishi, walimu, wafagiaji na wanafunzi wenyewe, wote wangekwambia Ardis ni mtu wa watu. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliomba kazi aliyokuwa akiifanya.

Mlezi Mkuu wa Wanafunzi aliyekuwapo alihama mwezi wa Julai, akafuata jua na mshahara California. Rais wa chuo akamwita Ardis ofisini. "Tushikie usukani kidogo, Ardis, mpaka tumpate mtu." Ardis akashika. Alikuwa amewasaidia walezi wanne, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimkuta pale na kumwacha pale, kama jiko la nyumba ya kupanga. Sasa ana miaka hamsini na tisa, akajiambia: safari hii nami niombe. Hakuwa na uchu wa cheo. Alichoogopa ni kumfundisha kazi mgeni wa tano, amwonyeshe hata kabati la karatasi lilipo, kisha arudi kwenye meza yake ya pembeni. Hilo asingeliweza tena. Alikuwa amejiapia kwamba wakimnyima, anastaafu.

Na akistaafu aende wapi? Mume hakuwahi kuwa naye. Shamba la baba yake, maili kumi kutoka mjini, liliuzwa zamani, na ndugu yake pekee alihamia Arizona, husikika siku ya Krismasi na siku ya msiba. Watu wa Ardis walikuwa ni chuo. Kila sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga, alibaki na wanafunzi wasio na nauli ya kurudi kwao, akawapikia, akala nao. Ukimwondolea kazi ile, umemwondolea ukoo.

Kwa hiyo aliomba, na hapo ndipo upweke ulipoanza. Chuo kiliunda kamati ya watu tisa na kukodi kampuni ya Chicago inayotafuta viongozi wa vyuo. Kampuni ikaja na sheria zake: mjumbe wa kamati asizungumze na mwombaji nje ya ratiba. Na mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Phyllis Ostby, mwalimu wa kemia, rafiki yake Ardis wa miaka ishirini na miwili.

"Wee Ardis, tusionane kwanza," Phyllis alimwambia kwenye ngazi za maktaba. "Mpaka mambo haya yaishe. Wasije wakasema nakupendelea."

"Hata kahawa?"

"Hata kahawa, shoga yangu. Si unanijua mimi na sheria?"

"Nakujua. Ulimfelisha mtoto wa watu kwa kuchelewa dakika moja, na saa yenyewe ya darasani ilikuwa mbovu."

"Saa ni saa!" Phyllis akasema, wakacheka wote wawili mpaka mkutubi akatoa kichwa. Hicho ndicho kicheko chao cha mwisho majira yale ya baridi.

Hofu ni kama mafua. Hata wale wasiokuwa kwenye kamati walianza kumkwepa. Wakimkuta bwaloni na trei yake walimsemesha habari za theluji, kwa sababu kule Minnesota theluji ni mazungumzo unayoweza kuyafanya bila kukaa, halafu wakasogea meza ya mbele. Hakuna aliyemchukia. Walikuwa wastaarabu tu, na ustaarabu wa watu wale, Mungu anisamehe, una baridi kuliko upepo wao. Ardis akala peke yake dirishani Novemba, Desemba, Januari. Alijifunza kutembea na gazeti ili aonekane ana shughuli.

Februari majina yakabaki matatu: mwanamke mmoja wa Oregon, Dakta Preston Calloway wa Virginia, na yeye. Kila mmoja angepewa siku yake ya kuhojiwa na kamati, kutembezwa chuoni, na mwisho kusimama ukumbini mbele ya chuo kizima aulizwe maswali. Kila aliyehudhuria, isipokuwa wajumbe wa kamati, angejaza fomu ya kumpima mgombea, na fomu zile kamati ingezihesabu.

Mgombea haruhusiwi kumsikiliza mgombea mwenzake. Basi siku za wageni Ardis alikaa ofisini, ng'ambo ya uwanja, akiwatazama watu wakimiminika ukumbini na makoti yao. Kipya kinyemi. Siku ya Calloway viti havikutosha, wakaazima vya idara ya muziki, na bado wengine wakasimama. Ardis alisikia makofi kupitia vioo viwili vya dirisha.

Jioni Duane, mpishi mkuu, alipita kumpasha habari. Duane hakuogopa sheria ya mtu, alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Yule wa Virginia anaongea, Ardis! Anaongea kama muuza magari. Mimi nina gari langu zima, lakini nilitoka pale nikitaka jingine."

"Basi ni mzuri."

"Mzuri wa mdomo. Siku yako ni Alhamisi. Umewaambia watu waje?"

"Tangazo limebandikwa. Wanajua."

"Watu hawajui kitu! Pita kwenye maofisi uwaambie. Waambie wanafunzi wako."

"Siwezi kuzunguka nikijipigia debe, Duane."

"Basi nikupigie mimi."

"Thubutu!" Ardis akasema, uso umemwiva kwa haya.

Ndivyo alivyolelewa. Wazee wake walitoka Norwei na Biblia moja na aibu nyingi, na nyumbani kwao mtu aliyejisifu alitazamwa kama aliyekwenda kanisani na nguo za kulalia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; Ardis aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Tena yeye si mgeni, ana miaka ishirini na sita pale. Nani angehitaji kuambiwa?

Alhamisi ikafika. Kwa kuwa kampuni ya Chicago ilitaka wagombea wote watendewe sawasawa, Ardis naye akapangiwa mwanafunzi wa kumtembeza. Alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, Pahoua Thao, anamngojea mlangoni na karatasi mkononi.

"Karibu Elvestad," Pahoua akasoma. "Kulia kwako ni maktaba, ilijengwa... Samahani. Wewe unajua ilijengwa lini."

"Soma tu, mwanangu. Sijawahi kutembezwa."

Wakazunguka. Aliambiwa bwalo liko wapi, na mabweni ni mangapi, naye akaitikia "Aa!" kila mahali ili binti asione haya. Walipofika kwenye njia iliyomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, Pahoua akasimama, akageuza karatasi.

"Hapa nimeandikiwa nikuulize swali. Ni nini kitakachokufanya ujisikie uko nyumbani hapa chuoni?"

Miaka ishirini na sita hakuna aliyemuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza wengine.

"Watu," akasema mwishowe.

"Watu gani?"

"Ngoja kwanza nifikirie," Ardis akasema, akatangulia mbele, maana machozi kwenye baridi ile yanauma.

Saa kumi akaingia ukumbini. Viti vilikuwa mia mbili, vile vya muziki bado havijarudishwa. Watu walikuwa kumi na watano. Tisa walikuwa kamati, ambao ni lazima waje. Duane alikuwapo na aproni yake, na Pahoua, na fundi wa vipaza sauti, na wastaafu watatu ambao hawakosi mkutano wowote wenye keki.

Usidhani watu walimsusia. Wengi walimpenda, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kila mmoja alijisemea: Ardis? Huyo si wetu tayari? Nikamsikilize nini, wakati namsikia kila siku? Na kila mmoja alidhani wenzake wamekwenda. Wakabaki maofisini na kahawa zao, wakimtakia heri.

Ardis alisimama, akatazama viti vitupu, akasema asante kwa kuja. Mjumbe mmoja akamuuliza amefanikisha nini tangu aanze kukaimu.

"Tumejitahidi," akasema. "Wenzangu ndio waliofanya kazi."

Duane akaruka kitini. "Waambie ya tufani ya theluji!"

"Si kitu, Duane."

"Si kitu? Umeme ulikatika siku mbili! Nani alipita chumba kwa chumba, mabweni matatu, akawahamishia watoto mia nne kwenye ukumbi wa michezo wenye jenereta? Nani alimbeba yule mwenye pumu?"

"Kila mtu alisaidia," Ardis akasema, na mashavu yakamwiva tena. Alimtazama Phyllis kwenye kiti cha mwenyekiti, akitumaini hata jicho tu. Phyllis alikuwa anaandika. Mkutano uliopangiwa saa nzima ukaisha kwa dakika ishirini na tano, na keki karibu yote ikarudi jikoni.

Wiki ya pili ya Machi, Rais wa chuo akamwita. Alimkalisha kwanza, Ardis akajua.

"Tumemchukua Dakta Calloway. Sikiliza, Ardis, haikuwa rahisi. Lakini yeye amepata fomu mia mbili na sita. Chuo kimemtaka. Za kwako zilikuja sita."

"Zilikuwa nzuri?"

"Zote sita. Nzuri sana. Lakini ni sita." Rais akasugua miwani yake. "Tunakutegemea umsaidie azoee."

"Hapana," Ardis akasema. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo katika ofisi ile. "Ninastaafu Juni."

Tangazo lilipotoka, chuo kikashtuka kama kilichomwagiwa maji. Kumbe! Sasa kila mtu akakumbuka njia ya kwenda kwa Ardis. Walikuja nyumbani kwake na mabakuli yaliyofunikwa, nyama na viazi vilivyookwa na jibini juu, kama wanavyopeleka kule nyumba ikifiwa. Walikuja walimu, wakaja makarani, wakaja wanafunzi na barua. "Tulijua kabisa utapata!" walimwambia. "Ndiyo maana hatukujisumbua kuja ukumbini." Kila mmoja alisema hivyo mlangoni huku akikung'uta theluji, na kila mmoja Ardis alimwambia ni sawa, si kitu, asante kwa chakula. Jokofu la mtu mmoja likajaa chakula cha watu arobaini. Alikula kidogo, akiwa amesimama, na hakupata kujiona yuko peke yake kama wiki ile iliyojaa wageni.

Jumamosi adhuhuri Phyllis akaja. Hakuwa na bakuli. Alikaa jikoni, kwenye kiti alichokalia miaka yote, Ardis akammiminia kahawa.

"Yameisha," Phyllis akasema. "Sasa tunaweza kuongea."

"Kura za kamati zilikuwaje?"

"Ardis, unajua siruhusiwi—"

"Phyllis."

Phyllis akazungusha kikombe. "Tano kwa nne."

Ardis akahesabu moyoni, akawapitia wote tisa kwa majina. Alikuwa anawajua kuliko walivyojijua.

"Na wewe?"

"Kila mtu anajua wewe ni rafiki yangu," Phyllis akasema haraka haraka. "Kura yangu ilikuwa ya mwisho, nne kwa nne, wote wananitazama. Ningekupa wewe, wangesema ndiyo sababu. Mambo yangechafuka. Nilitaka yawe safi. Nikafuata fomu."

"Uliona siwezi?"

"Nilijua unaweza kuliko wote. Hilo halikuwa swali hata siku moja."

Nje jirani alikuwa anakwangua theluji kwenye gari lake. Ardis akasogeza kikombe chake pembeni.

"Mimi ningekupendelea," akasema.

Phyllis akainua macho. Yalikuwa yamelowa, na alikuwa anangoja aambiwe ni sawa, si kitu, kama walivyoambiwa wote waliosimama mlangoni wiki nzima. Alingoja mpaka kahawa ikapoa. Ardis akaondoka mezani, akaenda mlangoni, akarudi na koti la Phyllis, akamnyooshea.