Mama Hakuwahi Kukaa Hivi

Mwaka ule tulipohamia kijiji cha Ujamaa, mama alifariki kabla nyumba yetu mpya haijaezekwa. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na mvua zilitukuta bado tunalala chini ya turubai pamoja na magunia ya mtama. Tukamzika huko huko, kwenye ardhi ambayo hakuwahi kuilima.

Nilirudi Tabora mjini, mtaa wa Chemchem, nilikopanga chumba nikifundisha kazi za mikono shule ya msingi. Ndipo nikatambua kwamba hatukuwa na picha ya mama hata moja. Hofu ikaniingia. Sauti yake nilikuwa nayo, lakini uso ulinitoka kidogo kidogo, mdomo kwanza, halafu macho.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kuchapa picha kwa ubao: unachonga, unapaka wino, unalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa upawa. Kuchora sura ya mtu kutoka kichwani sikujua. Nilikuwa na kitabu kikuukuu, zawadi ya padri mmoja, chenye picha za wachoraji wa Ulaya ya kale. Nikamchagua bibi mmoja aliyeketi kitini, mwanga wa dirisha shavuni, mikono imetulia mapajani, shingoni kola ya lesi. Nikasema, nitaazima mkao wake. Lesi nitaigeuza kanga, uso utakuwa wa mama.

Seremala wa jirani alinipa kipande cha mninga. Wino niliomba misheni. Nilichonga mpaka vidole vikavimba. Nilipobandua karatasi ya kwanza, aliyenitazama alikuwa yule yule Mzungu, amejitanda kanga ya mama yangu! Nikapunguza pua, nikagusa paji. Kila nilipochapa alizidi kuwa mgeni, na mti ukishauondoa haurudi. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Dada yangu mkubwa alikuja kunijulia hali, akaziona karatasi kwenye kamba.

“Huyu nani?”

“Mama.”

Alisogea karibu.

“Mdogo wangu, mama alikaa hivi lini? Mikono mitupu? Mimi nilimwona hivyo siku ile tu tulipomlaza kaburini.”

Nikamtazama yeye. Dada alikuwa na paji la mama na taya lake. Nikampa ungo.

“Pepeta,” nikamwambia.

“Nipepete nini? Hauna kitu.”

“Pepeta tu, dada. Nakuomba.”

Akainama. Nikageuza ubao, nikachonga upande wa pili. Mwanga wa dirisha niliuacha kama ulivyokuwa kwenye kitabu, na giza lile zito nyuma, lakini kiti kikaondoka, na mwanamke akainamia ungo wake. Nilipochapa, uso ulionekana nusu tu. Dada alipoiona alishika mdomo, kisha akakaa chini sakafuni.

Niliposugua karatasi ya pili, ubao ukapasuka katikati. Nilikuwa nimeuchonga pande zote mbili, ukawa mwembamba mno. Tukabaki na ile moja.

Nikaipeleka kijijini.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

Aliipokea kwa mikono miwili. Asubuhi sikumkuta; alirejea jioni, miguu imejaa tope, karatasi hana.

“Nimemrudisha kwake,” alisema.

Alikuwa ameibandika ukutani, kwenye nyumba tuliyoihama.

“Baba, kule hakuna paa! Na mvua hii?”

“Najua.”

Kulipopambazuka nilikwenda mbio mpaka kwenye mahame yetu. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka. Karatasi niliikuta kwenye ule uliobaki, imelowa, imeshikana na udongo. Nilijaribu kuibandua taratibu, ikanimegukia vidoleni kama ugali mbichi. Nilibaki na wino kwenye kucha.

Niliporudi, baba alikuwa juu ya nyumba mpya, anaezeka. Hakushuka.

“Umemkuta?” akauliza kutoka juu.

“Nimemkuta, baba.”

“Haya,” akasema. “Nipe hayo majani.”