Kamba ya Tanga na Breki ya Papa

Mashua yangu ndogo ya tanga ilikaa miezi mingi kwenye lupango yetu ya Makomeno, uani kwetu, juu ya matairi manne, na kila jirani aliyepita aliuliza kama mwaka huu mvua itazidi. Niliachiwa na mhandisi mmoja wa migodi aliyerudi kwao Ulaya. Ilikuwa na kijumba cha kulala watu wawili wanaopendana sana, na ubaya mmoja tu: kamba ya kuvuta na kulegeza tanga kubwa ilishuka katikati kabisa, pale watu wanapokaa. Siku ya kwanza tulipoipeleka ziwani, upande wa Lufira, kamba hiyo ilimpiga mke wangu shingoni. Tuliporudi ukingoni akashuka, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akaniambia bila hasira, "Hii kamba itoke apa katikati, ao miye sitapanda tena."

Kuihamishia nyuma ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye akili. Mimi nikamwita papa, baba yangu.

Papa alifanya kazi miaka thelathini kule Kipushi, kwenye mashine inayoshusha wachimbaji shimoni na kuwapandisha. Tangu apate pansheni anakaa kwenye kiti getini kwetu, akiwafundisha watu namna ya kuegesha magari yao wenyewe. Hakuna aliyemuuliza jambo la maana, na hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kukubali. Basi nilimwambia nimeshindwa, anisaidie. Asubuhi yake alitoka chumbani na salopeti ya kazini, imepigwa pasi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, nikanyamaza. Alichomelea vyuma vizito, akavifunga kwa bolti nyuma ya mashua, akaweka puli sita za kupitishia kamba mahali palipotosha tatu, na mwisho akatengeneza breki ya meno: kamba ikivutwa inapita, ikitaka kurudi inabanwa. "Hii ikishika, imeshika," alisema. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha mashua mara mbili. Nilijua vizuri kwamba upepo wa ghafla ukija, kamba hiyo lazima ilegezwe mara moja, la sivyo mashua inalala majini. Lakini utamwambiaje mzee aliyeacha kiti chake getini kwamba kazi yake ni mbaya? Nikasema, "Iko muzuri, papa." Aliwaita wenzake wawili wa zamani waje kupima. Wakajining'iniza wote wawili kwenye kamba, kama wanavyopima mgodini, na haikuteleza hata kidogo. Wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, mjinga wa kusoma vitabu.

Ziwani mke wangu alikataa kupanda. "Mupime kwanza," alisema, akakaa ukingoni na sufuria yake. Tukaondoka wawili, mimi kwenye usukani, papa kwenye kamba. Kwa nusu saa alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Katanga. Kisha upepo ukatupiga ubavuni, mashua ikainama, maji yakaanza kuingia.

"Achilia, papa!"

"Usiogope," alinijibu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, sauti ya mtu anayetuliza watu. "Nimeshika." Akavuta zaidi. Breki ikauma. Mimi nikachukua kisu cha samaki, nikakata kamba.

Tanga likafunguka, mashua ikasimama wima. Tulikuwa tumelowa mpaka kiunoni. Papa aliangalia kipande cha kamba kilichobaki mkononi mwake, nami nikaona aibu kana kwamba nimempiga kofi mbele ya watu.

"Myaka makumi tatu," alisema, "kamba yangu haikuangusha muntu hata moja."

"Najua, papa. Lakini uku, kushika njo kunaua."

Kesho yake alirudi kwenye kiti chake getini, na safari hii hata magari hakuyasemesha. Nilijuta. Ningesema mapema, angekasirika siku mbili tu na kazi ingeendelea. Heshima yangu yote ile ilikuwa woga tupu.

Mke wangu ndiye aliyemwendea. Alimpelekea bukari, ugali wetu, na samaki, akangoja amalize kunawa. "Papa, muliondosha kamba katikati, aksanti. Sasa miye nitapanda. Lakini bwana yangu hawezi kushika usukani na kamba pamoja. Nani atashika?"

Papa alimaliza samaki wake. Kisha akaomba msumeno wa chuma, akakata breki yake mwenyewe, jino kwa jino, na puli tatu akazitoa. Hakutaka nimsaidie.

Jumamosi tulipanda watatu. Papa alishika kamba mpya kwa mikono mitupu, bila kitu cha kuibana. Tulipofika katikati ya ziwa upepo ukaja tena, mashua ikaanza kuinama. Nilishika usukani wangu tu. Niliona vidole vyake vimekaza, mishipa imesimama. Mke wangu alishika bega langu.

Papa akafumba macho, akaachilia.

Kamba ikakimbia, tanga likapiga kelele, mashua ikainuka taratibu. Alipofumbua macho hakuangalia tanga wala kamba. Aligeuka kwetu, akatuhesabu kwa kidole: mke wangu, mimi, na yeye mwenyewe.